Aliyeniitikia Kwenye Jumba la Nyaraka

Leo nimejianika mbele ya watu wenye tai, na bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua niko Louisville, Kentucky. Nimesimamisha kwa muda masomo yangu Amherst, kule Buffalo, kwa sababu nimepata ufadhili wa kusoma barua za kale kwenye majumba mawili ya nyaraka. Mwezi mmoja hapa, mwezi mwingine Columbus. Sharti kubwa ni moja: karatasi haitoki chumba cha kusomea. Ikitoka, ufadhili umekwisha, na tasnifu yangu (miaka minne hiyo) nayo imekwisha.

Chumba chenyewe kiko chini ya ardhi. Hakina dirisha. Taa zake hujizima zikiona hakuna anayetikisika, na mimi nikisoma huwa kama gogo. Basi kila mara giza linanishukia, napunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki, mwanga unarudi.

Mchana huu nilikuwa na barua za mjane mmoja wa enzi za vita vya Wamarekani vya wenyewe kwa wenyewe. Anamwandikia dada yake kwamba kila alasiri anasikia mtu akikokota kitu ukumbini, na nyumbani hayupo mwingine. "Sijawahi kumsemesha," kaandika. "Naogopa atajibu."

Taa zikazimika.

Nikasikia kitu kinakokotwa.

Nikapunga mikono. Mwanga ukaja, sauti ikakoma. Nikajiambia ni mabomba ya maji, nikainuka kwenda kuchungulia (viatu vilibaki chini ya meza, miguu ilikuwa imevimba). Koridoni giza tupu. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake mtu anahema.

Nilitaka kurudi. Naapa nilitaka kurudi. Lakini mimi nimelelewa Tanga, na nikifika kwenye mlango ulio wazi mdomo wangu hauniombi ruhusa.

"Hodi," nikasema.

Kutoka gizani, taratibu, sauti ya mwanamke:

"Karibu."

Kwa Kiswahili. Chini ya ardhi, Kentucky.

Ngazi sizikumbuki. Nakumbuka nimetokea ukumbi wa juu, peku, nasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya mnadani, na mkurugenzi wa jumba amesimama pale na wageni sita. Ndio hao waliochangia ufadhili wangu.

"Na huyu," akawaambia taratibu, "ni mtafiti wetu."

Mlinzi akaninyooshea kidole. "Mama, hiyo karatasi."

Nikatazama mkono wangu. Barua ya mjane.

Mkurugenzi akauliza nilikuwa naipeleka wapi. Nikamjibu kwamba nimekaribishwa. (Ndivyo nilivyosema. Nimekaribishwa.)

Lifti ikafunguka. Akatoka mama wa makamo, sare ya usafi, anakokota mashine ya kufagilia.

"Weye dada, unanikimbia juu ya nini?" akaniuliza. "Donc, umepiga hodi, mi nikakuitika, njo unakimbia?"

Anaitwa Mama Furaha, mtu wa milima ya Kivu, Kongo (Kiswahili chao kina Kifaransa ndani, na "njo" ni "ndio"), anakaa mtaa wa South End hapa mjini. Alikuwa ameingiza mashine stoo, ile ya mlango wa mwisho, akakaa kupumzika, na taa zikamzimikia kama zinavyonizimikia mimi.

Akamgeukia mkurugenzi, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba asinifukuze, yeye ndiye aliyenitisha. Mkurugenzi akaipokea barua, akaikagua pembe zote nne, muda mrefu. Ufadhili unabaki, akasema, ila kuanzia kesho nitasomea juu, mezani kwa mlinzi, kama mtoto mtundu.

Nikamwomba Mama Furaha msamaha. Aibu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni.

"Bon, haina neno," akasema. "Miaka tatu niko natumika kazi humu. Batu banapita tu. Weye njo mutu wa kwanza kunipigia hodi."

Hapo nikalia, mbele ya wafadhili wote sita.

Miaka mitatu anasubiri mgeni, halafu mgeni mwenyewe ndiye mimi. Chekeni, lakini taratibu.