Presha Kuka Zinarudishwa

Redio ya mama ntilie ilifungwa kwa waya kwenye nguzo ya kibanda, na ndiyo iliyompatia Elinuru kazi. Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi karibu na stendi ya Lushoto, mfuko mtupu, viatu vinang'aa, kama ilivyo kwa watu wa fani yake. Mtangazaji alisema presha kuka za Nyotajiko zina kasoro: zikichemka sana, kifuniko kinaweza kuruka. Wenye nazo waache kuzitumia, wazirudishe walikonunua, wapewe nyingine bure.

Wanywaji wengine walisikia hatari. Elinuru alisikia neno "wazirudishe".

Kwa mtu aliyelelewa vizuri, hapo ndipo dhamiri hupiga hodi. Kwa Elinuru ilipiga, ikakuta hakuna mtu nyumbani.

Siku ya soko alisimama nyuma ya meza ya kuazima, amevaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Kitambulisho kilikuwa cha mjomba wake, mstaafu wa bandari, lakini picha ilikuwa imefifia kiasi cha kumfaa mtu yeyote mwenye pua. Huku juu kwenye baridi maharage hayana haraka ya kuiva, kwa hiyo presha kuka ni mali, na wengi walizinunua Tanga.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Mwanahamisi, muuza makande.

"Marahaba. Wewe ndiye kampuni?"

"Mimi ni mkono wake tu, mama. Nauli ya Tanga ya nini? Iache hapa, wiki ijayo unapata mpya."

"Kubwa kuliko hii?"

"Hii itaingia ndani ya hiyo."

"Basi nakuletea na ya wifi yangu."

"Wifi anajua?"

"Atajua mpya ikija." Bi Mwanahamisi akafikiri kidogo. "Na hiyo mpya inakuja na mpira wake wa kifuniko?"

"Na kila kitu, mama."

Bi Mwanahamisi akatabasamu, akaenda nyumbani. Aliporudi, Elinuru aliinua sufuria, bega likamshuka.

"Mbona nzito?"

"Mwanangu, nirudishe chombo cha watu kitupu, waseme sina malezi? Nimeweka maharage. Hao wa kampuni si wana matumbo?"

Wote walifanya vivyo hivyo, maana milimani chombo kikirudi kwa mwenyewe lazima kiwe na kitu ndani. Huyu aliweka viazi, yule peasi, mwingine mahindi. Elinuru nusura alie. Kumwibia mtu sufuria ni jambo moja. Kumwibia akakufungashia na chakula cha mchana ni heshima ambayo wezi wengi hufa hawajaiona.

Kesho yake alikodi gari la mboga, akateremka na mzigo hadi Mnazi, kwenye joto, alikoamini tangazo halijafika. Akazipanga kwenye turubai. "Ofa ya kiwanda," akasema, "leo tu."

Mteja wa kwanza alikuwa Latifa, mwenye mgahawa, mzaliwa wa Lushoto aliyeolewa huko chini. Alifungua sufuria moja, akakuta maharage. Akafungua ya pili, akakuta peasi, tunda ambalo Mnazi halioti hata kwa kubembelezwa. Akaigeuza ya kwanza chini juu. Kwenye kitako palikwaruzwa kwa msumari: MWANAHAMISI MAKANDE. Wanawake huandika hivyo ili vyombo visipotee kwenye harusi. Elinuru hakuwahi kupika harusini, kwa hiyo hakuwahi kutazama kitako cha sufuria.

Latifa akachungulia ukingo wa kifuniko, akakifunga polepole.

"Nachukua zote, kaka. Ila sinunui sufuria sijaona imepika. Maharage yamo, maji ninayo. Tupike hapa hapa."

"Dada, mtumba ndio hujaribiwa. Hizi ni za kiwanda."

"Basi kiwanda kitafurahi. Sogea jikoni. Mgeni hakai mbali na jiko."

Moto ukakolea. Mvuke ukaanza kupiga mluzi, tena ubavuni, mahali ambapo mvuke hauna ruhusa ya kutokea. Elinuru akarudi nyuma. Watu walipoona mwenye mali anarudi nyuma, nao wakarudi.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Napunga hewa."

"Hewa ya Mnazi yote ni moja. Njoo uonje."

Latifa akainamia sufuria, uso juu kabisa ya kifuniko. Njia ya kukimbilia ilikuwa wazi na Elinuru aliishika. Alifika kona. Hapo ile dhamiri ikapiga hodi tena, na safari hii, kwa mshangao wa wote wawili, ikamkuta.

"Dada, toka hapo, kifuniko kitakupasua uso," alipaza sauti. Kisha akamwaga yote: Nyotajiko, kasoro, msizitumie, zirudisheni mlikonunua. Aliisoma taarifa ile vizuri kuliko mtangazaji, na bila malipo.

Latifa alikuwa hajasogea. Akashika kifuniko kwa kanga, akakiinua.

"Hakiruki popote. Hakina mpira, mvuke wote unavujia pembeni."

Wakafungua zote. Hakuna hata moja yenye mpira. Mpya zingekuja na mipira yake. Nani arudishe mpira ambao bado mzima?

Elinuru alikaa chini. "Wamenitapeli," alisema kwa uchungu wa kweli. "Watu wa milimani hawaaminiki."

Mtu akataja mgambo, naye akaondoka mbio, akaacha mzigo, kizibao na begi.

Wiki ile sufuria zilipanda Lushoto, kila moja kwa jina lililo kitakoni, na kila moja ina mchele wa Mnazi ndani, maana Latifa naye ana malezi. Wenyewe walirudishia mipira, wakazipeleka Tanga, wakapewa mpya. Zilikuwa saizi ile ile, na wifi akadai yake.

Begi la Elinuru, lililopanda Lushoto pamoja na sufuria, pia lilirudishwa, kupitia kwa konda, hadi stendi ya Mombo anakokunywa chai siku hizi. Alipolipokea akaona lina kitu. Bi Mwanahamisi hakutaka liende tupu.

Aliweka mpira mmoja wa presha kuka.