Bwawa la Katapila Linastahili Hatari Kubwa

Kitongoji cha Chini ya Bwawa,
Njia ya Buhemba, Butiama.

Ndugu Mhandisi Mkaguzi wa Mabwawa,

YAH: KUDHARAULIWA KWA BWAWA LETU NA SISI TULIO CHINI YAKE

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, basi marahaba. Huku hatujambo, ila tuna hasira.

Tangazo lako tumelisoma ofisi ya kata. Linasema Bwawa la Katapila limepewa daraja la "hatari ndogo", kwa hiyo ukarabati wake usubiri. Wenzetu wa bwawa la jirani wamepewa "hatari kubwa" na kibao chekundu, na sasa hata salamu zetu wanaitikia kwa kuringa. Nalalamika ifuatavyo:

1. Ukuta wetu ni wa udongo mtupu. Uliachwa na katapila la kujenga barabara kabla sijaoa, na leo nina wajukuu. Zamani ulikuwa unatoa jasho tu. Sasa mke wangu Flora ametega karai pale na kisimani haendi tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunao, Ndugu, na unakua vizuri.

2. Mnasema daraja hupimwa kwa watu watakaozolewa ukuta ukipasuka, na huku chini "hakuna makazi". Sasa mimi ni nani? Na shemeji yangu Nyangi na ukoo wake wote? Na fundi baiskeli Kasmiri, ambaye hajahama tangu azaliwe?

3. Nakiri kwamba mkaguzi wenu alituhesabu akapata sifuri. Alikuja na gari jeupe na fulana inayong'aa, tukajua ni watu wa bomoabomoa, tukakimbilia mihogoni pamoja na mbwa. Nyangi peke yake alibaki, akamwambia, "Huku watu hawakaagi, hizi ni nyumba za mbuzi." Kweli palikuwa na mbuzi mlangoni. Lakini msomi mzima hakujiuliza ni mbuzi gani huyo aliyeanika sare za kwaya kwenye kamba!

4. Jumapili watu hutoka Musoma na Bunda kuja kupunga upepo. Hamduni wa Bunda anatembeza maharusi kwa mtumbwi, Flora anakaanga sato wa Murangi. Na Jumamosi hii binti yangu Matrida anaolewa papo hapo chini ya ukuta, penye kivuli. Wakwe wanakuja lori zima. Maji yakiwachukua, niwaambie ndugu zao kwamba ilikuwa hatari ndogo?

5. Kwa hiyo tunaomba kupandishwa daraja. Kama hatutoshi, tutaongezeka. Kanisa limekubali kuhamia chini ya ukuta, kijiwe cha bodaboda pia. Diwani tumempa kiwanja cha bure, cha kwanza kabisa kutoka ukutani, na amefurahi mno. Wewe mwenyewe tutakutandikia kitanda hapo, maana mhandisi mmoja bila shaka anahesabiwa kama watu kumi.

Nikiacha utani, tunaogopa. Wingu likiinuka upande wa ziwani, Flora huwashika wajukuu mikono na hawaachii mpaka lipite. Tuhesabuni.

Wasalimie nyumbani, dereva wa gari jeupe, na aliyechapa tangazo. Mbuzi naye anamsalimu mkaguzi.

Wako mtiifu niliye chini ya maji yako,
Leonardi Burito

N.B. Hamduni amepiga simu sasa hivi. Gari jeupe linakuja huku, limejaa fulana zinazong'aa, na amesikia kwamba bwawa likiwa hatari kubwa, walio chini ndio huhamishwa kwanza. Barua hii naituma kwa sababu stempu nimeshabandika, lakini usiisome. Sare tumeanua, mbuzi tumemrudisha mlangoni. Huku chini hakuna mtu. Harusi ni Jumamosi, karibu sana.