Nitakuja kwa Pikipiki

Jumapili, 2 Aprili

Barabara imefunguka. Uani imebaki barafu kidogo tu, nyuma ya choo. Nimeitoa pikipiki zizini, nikaipangusa mavi ya ng'ombe, nikavaa koti la ngozi, nikabonyeza kitufe. Tik. Nikabonyeza tena. Tik. Mara ya tatu hata hiyo tik haikuja.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai ya chumvi. Akasema pengine imekufa. Nikamwambia pikipiki haifi, imelala tu. Akasema hata marehemu baba alionekana kama amelala.

Na leo, kati ya siku zote, ndiyo siku aliyoamua Chuskit kupiga simu.

Mke wangu Chuskit yuko kijiji cha Sakti kwa kaka yake tangu miti ya popla ilipopukutisha majani. Alikwenda kumwuguza mama yake. Mama yake akapona kabla ya mwaka mpya, yeye hakurudi. Sikumpigia. Aliyeondoka ndiye apige. Baridi yote nimekula supu ya thukpa ya Mama isiyo na ladha, maana chumvi yote anaimaliza kwenye chai.

Hakusalimia sana. Alisema amechoka kukaa kwa watu, na kama ninamtaka nyumbani nikamchukue Jumamosi.

"Usimtume Angchuk, usimtume mtu," alisema. "Uje mwenyewe. Basi la asubuhi lipo."

Nikamwambia nitakuja kwa pikipiki.

"Njoo kwa chochote, Lundup. We njoo tu."

Nimefurahi, ingawa sikumwonyesha. Nitafika Sakti kwa muungurumo, shemeji zangu wote watoke nje. Mtu hashuki kwenye basi na vumbi mabegani, katikati ya magunia ya vitunguu, akasema amekuja kumchukua mke. Pikipiki lazima iwake.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimemwagia betri maji ya moto ili iamke. Haikuamka. Nimeungua kidole gumba.

Nilifanya kazi ofisi ya umeme hadi kustaafu. Nilisoma mita za kijiji chetu chote cha Sabu na nusu ya Choglamsar. Kwa hiyo sihitaji mtu wa kunifundisha umeme. Nimeichunguza betri na kugundua kwamba ina unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa vyake, na imevimba ubavuni kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nimeamua kwamba ni kawaida.

Jumanne, 4 Aprili

Angchuk amekuja. Sikumwita. Mama ndiye kamwita.

Angchuk ni jirani yetu, mwalimu wa michezo aliyestaafu na mwenyekiti wa chama cha waendesha pikipiki, cheo ambacho mwaka juzi kilikuwa karibu sana kuwa changu. Pikipiki yake iliwaka wiki iliyopita kwa mbonyezo mmoja. Najua, kwa sababu aliiwasha chini ya dirisha langu na kuiacha ingurume mpaka maziwa yakamwagika jikoni.

Alileta kimita chake, akagusisha nyaya mbili, akaguna. Akamgeukia Mama, si mimi, akamweleza kwamba betri nzima inasoma volti kumi na mbili na nusu na kitu, na hii yangu haifiki hata tisa. Akauliza ile kengele ya wizi niliyoifunga kwenye pikipiki kabla ya baridi niliizima lini. Nikamwambia kengele ya wizi haizimwi, ndiyo maana ya kengele ya wizi. Akasema basi hiyo ndiyo imeinyonya betri tone kwa tone majira yote. Betri yenye chaji haigandi kwa baridi ya kwetu, lakini iliyonyonywa huganda kama ndoo ya maji, ikapasuka ndani. Ndiyo uvimbe huo. Akasema isichajiwe kabisa, ni hatari, itupwe kwa wanunuzi wa chakavu.

Halafu, kwa raha zake, akaeleza anavyofanya yeye. Kabla baridi haijakolea anafungua betri, waya wa hasi kwanza. Anasugua vichwa kwa magadi na maji ya uvuguvugu, anavikausha, anavipaka mafuta mazito. Anaiweka ghalani ndani ya nyumba, juu ya ubao, pasipo na joto la jiko wala barafu. Kila mwezi anaichaji kidogo. Mkewe humtania kwamba watoto wao hawakulelewa hivyo.

Mama alicheka. Mama yangu mwenyewe.

Alipoondoka nilimwambia Mama kwamba kuanzia leo jina la mtu huyo lisitajwe tena nyumbani mwangu. Mama akaniuliza hata kama ni jambo la maana. Nikasema hasa likiwa la maana.

Jumatano, 5 Aprili

Nimeichaji.

Nilijiuliza kwa nini Angchuk anasisitiza hivyo nisiichaji. Jibu ni wazi: anataka nikwame. Nilitafuta chaja yangu ya zamani, nikaiweka betri sebuleni karibu na jiko ipate na joto, nikaunganisha. Ilianza kuchemka kwa sauti ndogo ya kupendeza. Nikaenda kunywa chai.

Harufu ya mayai yaliyooza ilitufikia jikoni. Mama akafungua madirisha yote na kutoka nje na blanketi. Ubavu wa betri ulikuwa umepasuka na maji makali yalikuwa yanatiririka kwenye zulia. Zulia la Chuskit. Alilifuma majira mawili ya baridi, lenye joka la buluu. Joka sasa halina kichwa, na mahali pa kichwa panaonekana sakafu.

Nimelikunja. Nitamwambia panya.

Nililala na kikohozi. Nimemlaumu Angchuk. Angenieleza vizuri kwa nini ni hatari, nisingefanya.

Alhamisi, 6 Aprili

Wazo jema kuliko yote. Pikipiki husukumwa! Kila mtu anajua. Unashuka mteremko, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, inawaka. Betri ya nini?

Mteremko wetu unaanzia langoni kwangu na kupita mbele ya mashamba, ambako leo wanaume wa kijiji walikuwa wanazoa tope la baridi kwenye mfereji wa maji. Nilipaswa kuwa nao. Nilikuwa nimetuma udhuru wa kikohozi.

Nilishuka kwa kasi nzuri. Niliachia klachi. Gurudumu likaburuzika, injini ikakohoa kuliko mimi, haikuwaka. Nikarudia. Wapi! Hapo nilikuwa mbele ya watu na nikaona ni vema kuwapungia mkono. Mkono huo ndio ulikuwa wa breki.

Mfereji ulikuwa umeshazolewa tope vizuri, kwa hiyo nilitua kwenye mawe.

Walinitoa. Angchuk alishika usukani upande mmoja, akasema taratibu, kama anamweleza mwanafunzi, kwamba pikipiki hizi za siku hizi pampu yake ya petroli inakula umeme. Bila betri haipati petroli hata uisukume mpaka Delhi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akaniuliza kikohozi kinaendeleaje.

Wakaisukuma pikipiki yangu hadi nyumbani, wanaume sita, wakiimba wimbo wa mavuno. Sijawahi kudharauliwa hivyo.

Ijumaa, 7 Aprili

Kesho ndiyo Jumamosi.

Mama alisema asubuhi kwamba basi lina nafasi, amemuuliza dereva. Baadaye alianza kusema "Yule jirani kasema..." nikanyanyua mkono. Akaufunga mdomo na kuendelea kuzungusha gurudumu lake la sala la mkononi, kwa hasira, nadhani.

Mchana Angchuk na mkewe walikwenda monasteri kwenye sala. Mlango wao haufungwi, hakuna mlango unaofungwa Sabu. Nikaingia ghalani kwao. Juu ya ubao, palepale alipojisifu, palikuwa na betri. Safi, vichwa vinang'aa, imepakwa mafuta. Niliipima kwa kimita chake mwenyewe kilichokuwa pembeni. Kumi na mbili na nusu na kitu!

Nimeazima. Nasema nimeazima kwa sababu nitairudisha Jumapili kabla hajajua, na kwa sababu mtu anayemfuata mkewe ana haki zaidi ya mtu anayewasha pikipiki kumwaga maziwa ya wenzake.

Nimeifunga. Nimebonyeza. Imewaka! Ng'ombe karuka, Mama kaja mbio. Nimemwambia aone. Akaitazama betri, akanitazama mimi, akataka kusema kitu. Nikamwambia asiharibu siku.

Jumamosi, 8 Aprili

Ninaandika nikiwa nyuma ya lori la kokoto.

Niliondoka Sabu baada ya chai. Jua zuri, barabara kavu, upepo wa mto. Nilipopita Thiksey watu waligeuka kunitazama. Nilikuwa na koti la ngozi, miwani, na skafu nyeupe ya heshima kifuani kwa ajili ya mama mkwe. Sikumbuki mara ya mwisho kuwa na furaha vile.

Nilipofika Karu nikasimama. Ni padogo kutoka hapo kwenda Sakti, na nilikuwa na vumbi. Sikutaka kufika na vumbi. Nikazima pikipiki mbele ya kibanda cha chai, nikapangusa taa, nikapangusa tangi, nikachana nywele kwenye kioo. Nikabonyeza kitufe.

Tik.

Nilibonyeza mpaka mwenye kibanda akaniomba niache. Nikakaza nati. Nikaipiga teke kidogo. Nikaipiga teke kubwa.

Basi la asubuhi likaja. Dereva, Mutup, ananifahamu tangu utoto. Akasimama, akafungua mlango, akaniambia nipande. Kiti kilikuwepo, cha mbele kabisa, karibu naye. Akasema pikipiki ikae kibandani, haitaliwa na mtu.

Kwenye madirisha kulikuwa na wanawake wa Sakti. Wote wanajua mimi ni nani na ninaenda kwa nani. Walikuwa wanatazama pikipiki. Walikuwa wanatazama skafu.

"Namsubiri rafiki," nilimwambia Mutup.

Akanitazama. "Una uhakika, kaka? Jioni sirudi huku."

Nikasema nina uhakika. Akafunga mlango.

Nilikaa pale mpaka jua likavuka mlima. Hapakuwa na rafiki yeyote. Mara mbili nilitoka kwenda Sakti kwa miguu, mara mbili nikarudi, kwa sababu viatu vilishika vumbi. Chuskit akapiga, simu ikalia ndani ya koti. Sikupokea. Ningemwambia nini? Lori la kokoto likanionea huruma, likatupakia mimi na pikipiki kurudi Sabu.

Jumapili, 9 Aprili

Chuskit amempigia Mama. Si mimi.

Mama aliweka simu chini na kunieleza huku anakata turnipu, bila kunitazama. Chuskit alifunga mizigo Ijumaa. Jumamosi asubuhi alitoa sanduku lake langoni, akakaa juu yake, na watoto wa kaka yake wakakaa naye kusikiliza pikipiki. Basi likafika. Mutup hakumficha, kwa nini amfiche. Alimwambia ameniona Karu, mzima, nimechana nywele, namsubiri rafiki.

Akakaa tena mpaka watoto wakaitwa kula. Halafu akarudisha sanduku ndani na kufungua mizigo.

Kaka yake anafungua nyumba ya wageni kiangazi hiki. Alikuwa amemwomba asimamie jikoni. Chuskit alikuwa amekataa kwa sababu anarudi nyumbani. Sasa amekubali.

Nikamuuliza Mama kama Chuskit ameuliza lolote kuhusu mimi. Mama akasema ndiyo, aliuliza kama nina kanzu ya joto ya kulalia.

Halafu Mama akaniambia nitoke nikatazame chini ya gunia, kando ya mlango. Kulikuwa na betri. Mpya, imejaa, ya Angchuk, aliyoichomoa kwenye pikipiki yake mwenyewe na kuileta Ijumaa asubuhi, akisema yeye Jumamosi haendi popote na safari yangu ni ya muhimu. Imekaa pale siku zote hizo. Nilikuwa nimeikalia nikivaa viatu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza angelitajaje jina la mwenyewe.

Alasiri Angchuk alikuja langoni. Hakuingia. Akasema kama nimemaliza na ile ya zamani anaiomba, ilikuwa ya kuuza chakavu. Akasema ile ni ya kudanganya: ukiipima ikiwa imetulia inasoma vizuri, ukiibebesha injini inaanguka. Mara moja ina nguvu ya kuwasha, mara ya pili haina. Nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili na kusema pole, na nikamchukia kuliko siku zote, kwa sababu alimaanisha.

Jumanne, 11 Aprili

Nimefunga betri mpya. Imewaka kwa mbonyezo mmoja. Nimeizima, imewaka tena. Nimezima na kuwasha mara nyingi mpaka Mama akatoka.

"Mwanangu, inanguruma," alisema. "Barabara ni nyeupe. Nenda sasa hivi, hata koti usivae."

Kwa dakika nzima nilikuwa tayari. Nilishika usukani. Niliona lango la kaka yake, niliona nitakavyosema samahani, na sauti yangu itakavyokuwa.

Ndipo nikaliona tangi. Mawe ya mfereji yamelikwaruza upande wa kulia, na upande wa kulia ndio utakaoelekea langoni. Nifike kwa mke aliyeudhika na tangi lililokwaruzika? Atasema ndivyo ninavyomthamini.

Nimeizima. Nimefungua tangi, liko juu ya meza ya jikoni. Mama amekwenda kula kwa Angchuk.

Rangi inahitaji kukauka vizuri, tabaka juu ya tabaka, na huku kwetu vumbi la majira haya haliruhusu haraka. Tuseme mwezi wa sita. Si mbaya. Wageni watakuwa wamejaa pale kwa shemeji, watashuhudia wengi zaidi. Akiliona lile tangi, mambo ya Jumamosi atayasahau hapohapo.

Nyekundu. Au buluu yenye mstari wa dhahabu. Kesho nakwenda mjini kutazama, kwa basi.