Ukuta wa Mwaka Elfu Mbili

Jumatatu, 21 Oktoba 1974
Leo Mwalimu Halfani katupatia ukuta. Ukuta mzima wa ghala la shule! Tuchore mpaka wetu utakavyokuwa mwaka elfu mbili, Wambulu na Wabarbaig pamoja, bila ugomvi wa malisho. Mwalimu ni mtu wa Tanga, mambo kama hayo anayaamini. Rangi ni masizi, majivu na udongo mwekundu. Nikajitolea kuwa mkuu wa kazi. Darasa zima likacheka. Eti nimerudia darasa la sita. Nimerudia kwa sababu nalipenda!

Jumatano, 23 Oktoba
Ludovika ni tatizo. Kachora bomba refu linalovuka mpaka. Ukisema Kimbulu huku, mwenzako anasikia Kibarbaig kule. Wote wakapiga makofi. Mimi nina ng'ombe wenye mabawa, wanajichunga wenyewe mawinguni! Sulle, jirani yangu wa dawati, kasema wanafanana na nzige. Sulle hajui ng'ombe.

Kisha Ludovika kachora chemchemi, na pembeni yake nyumba ya bibi yangu, na kijiji chote kimeizunguka. Bibi kasikia, kafurahi kama kaolewa upya. Wazee wameshaomba serikalini: Operesheni ya vijiji ikifika huku, watu wakusanywe pale pale penye maji. Bibi kanilea pale tangu mama afe, na hataki kuhama. Eti picha ya Ludovika itawasaidia. Ya Ludovika! Na yangu?

Ijumaa, 25 Oktoba
Nimewahi shuleni kabla ya kengele. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta nyumba ya bibi. Nikafuta na zile nyingine. Hapo nimeweka kiwanja cha vyombo vya angani. Kina taa! Bibi wakati huo atakuwa anaishi mwezini, chemchemi ya nini tena? Watu wengine nimewashusha chini, kwenye mbuga ya udongo mweusi, maana ukuta kule ulikuwa mtupu. Nyumba zote mstari mmoja, kama meno ya mzungu.

Mwalimu hakuona, yuko kitandani na malaria. Ludovika kaona.

"Wewe Cornel, mbugani nani anakaa? Hata fisi hapataki!"

Nikamwambia aache wivu.

Jumatatu, 28 Oktoba
Katibu Tarafa kaja! Landrova, mgambo nyuma. Tulimpigia shikamoo mpaka akachoka kuitikia. Kasimama mbele ya ukuta, kauliza nani kapanga nyumba hizi kwa mstari. Nikaruka mbele. Mimi, ndugu Katibu!

Kasema alikuwa anatafuta pa kuwaweka watu, na wazee wanamsumbua na chemchemi yao. Kumbe watoto wanaona mbali kuliko wazee. Mwalimu Halfani, kajifunga blanketi, anatetemeka, kasema hiyo ni picha ya kubuni tu. Mbugani hakuna maji ya kunywa, na mvua ikinyesha hapapitiki.

"Mwalimu, kwenu wapi?"

"Tanga, ndugu Katibu."

"Basi tumsikie mwenyeji. Kijana, mbugani panafaa?"

Wote wakaniangalia. Ludovika alikuwa anatikisa kichwa.

"Panafaa sana," nikasema.

Kanishika bega!

Alhamisi, 31 Oktoba
Lori lilifika asubuhi. Mgambo wakaezua paa letu, wakachoma majani yake uani. Bibi kakaa juu ya jiwe la kusagia, hapandi. Wakambeba na jiwe lake. Ningecheka, ila lilikuwa jiwe letu.

Mbugani tumepewa fito na kuambiwa tujenge. Wabarbaig nao wameshushwa mstari huo huo, ng'ombe wao wanalia kiu. Watu wananinyooshea kidole. Umaarufu huo!

Bibi kauliza kama kweli mimi ndiye niliyechora. Nikasema ndiyo, bibi.

"Nyumba yangu uliiweka wapi, mjukuu wangu?"

Nikamwonyesha mwezi. Hakucheka.

Jumapili, 3 Novemba
Mvua tangu juzi. Tope magotini. Tunakunywa maji ya madimbwi, tunagombania na ng'ombe. Bibi alikuwa anakohoa, anataka maji ya kwake tu. Nilimwambia avumilie, mwaka elfu mbili kutakuwa na bomba.

Leo asubuhi hayupo. Tumemkuta chemchemini, ndani ya kuta zisizo na paa, kalala pale palipokuwa kitanda chake. Kalowa chapachapa. Baridi kabisa.

Mwalimu, baba yake Ludovika na Wabarbaig wawili wamechimba kaburi. Nilishika jembe, wakanipokonya. Hakuna aliyenisemesha. Nikaokota mawe ya kuzungushia kaburi.

Jumanne, 5 Novemba
Katibu kaniita! Kasema pole ya msiba, kisha kasema kijiji cha jirani nacho kinasubiri kupangwa, na wakubwa wameusifu sana ukuta wangu. Kesho nakwenda kuchora. Kwa Landrova, kiti cha mbele!

Nimepita kwa akina Ludovika ili wanione. Alikuwa anaosha sufuria, hakuinua macho.

"Cornel, safari hii waulize kwanza watu wanakaa wapi."

Hajui kazi huyu. Nikianza kuuliza watu, picha itakwisha lini?