Nilisema Naona Ardhi

Jumatatu, 6 Novemba 2023
Nimeficha hili miaka thelathini na moja: siku ile niliporusha ndege kwenda Shabunda niliuambia kwa redio uwanja wa Kavumu, nilikoondokea, kwamba naona ardhi. Uongo. Niliona weupe mtupu, kama niko ndani ya sufuria ya uji. Kanuni ya kuruka kwa macho haina mafumbo: usipoona chini, geuka. Rafiki yangu Gracien, aliyenifuata na ndege yake, aligeuka. Mimi nikafika, nikashangiliwa. Yeye wakamwita Monsieur Demi-tour, yaani Bwana Geuka-nyuma, na kampuni ikamwondoa kwenye usukani. Hajaruka tena.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Lazima Gracien ajue. Mpango: barua, isomwe mazishini kwangu. Safi! Sitakuwepo.

Jumanne, 7 Novemba
Binti yangu Pascaline ameikuta barua chini ya mto. Amekataa katakata. "Papa, weye utakuwa unalala ndani ya sanduku, ni miye watu batatukana!" Ana akili za mama yake. Bahati mbaya.

Alhamisi, 9 Novemba
Mpango mpya: Gracien agundue mwenyewe. Amekuja kutoka Nyantende na maharage. Miaka sabini na tisa, amepanda ngazi zetu zote bila kuhema. Makusudi!

Nikamsomea kitabu cha kanuni kwa sauti: umbali wa kuona, kimo cha mawingu, wajibu wa rubani. Kila sentensi nikatua, nikamtazama. Akauliza kama siku hizi ndivyo ninavyosali.

Halafu akasema, polepole, kwamba kila mvua ikija hujiuliza kama wingu lile lilikuwa zito kweli, au yeye tu alikuwa mwoga. Mwanawe Aganze alitaka urubani. Alimkatalia, asije akaurithi woga huo angani. Nikajifanya nakohoa. Kikohozi kikawa cha kweli. Pascaline akaniletea maji na jicho baya.

Jumapili, 12 Novemba
Nimesema! Baada ya misa, mimi kitandani, Gracien kitini. Kwamba sikuona ardhi. Kwamba wingu lilikuwa zito, yeye ndiye aliyefuata kanuni, na abiria wangu sita walipona kwa bahati.

Akainuka kitini. "Miaka yote hii, Barthélemy. Na miye nakuletea maharage!" Akacheka mpaka machozi, sikuthubutu kuuliza ni ya nini. Akampigia Aganze simu palepale, akamwambia baba yake aligeuka kwa sababu alijua kazi.

Alipoaga alinishika bega. Akasema nilikuwa mjinga, lakini mjinga jasiri, kusonga mbele mle ndani kuitafuta Shabunda. Pascaline alikuwa ananitazama. Ningeweza kusahihisha. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikajibu kwamba zile zilikuwa nyakati za wanaume.

Kwa kweli niligeuka kabla yake. Nikapotea, nikazunguka, nikashuka kwenye tundu la kwanza la wingu nikidhani ni Kavumu. Ilikuwa Shabunda.