Watu Watano Wazima, Raha Mustarehe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Gari limefika! Dogo, kijani, linang'aa. Kijitabu cha kampuni kinasema, ukurasa wa kwanza: "Watu watano wazima, raha mustarehe." Ukurasa wa pili: lita moja ya mafuta, kilomita ishirini na tano. Ukurasa wa tatu: ndani kimya kama maktaba. Nimekisoma mara tisa. Sijawahi kusoma kitu mara tisa, hata barua za mke wangu za uchumba.

Muuzaji kule yadi, yule wa tai nyekundu, aliniambia kwamba walipolichora gari hili walimfikiria mtu kama mimi hasa. Nikamwuliza mtu kama mimi ni mtu gani. Akasema fundi cherehani. Nami sikuwa nimemwambia kazi yangu! Nilishangaa njia nzima. Nilipofika nyumbani nikakuta futi ya kupimia bado iko shingoni.

Jioni kaja shemeji, kaka yake mke wangu, na pikapu yake kuukuu. Kalizunguka gari mara mbili, kisha akauliza lile jingine liko wapi. Lipi? Lile la kubebea hili. Halafu kalibatiza jina palepale: Sabuni. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Mke wangu nimemsamehe.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Jumamosi ya wiki ijayo mdogo wake mke wangu anaolewa. Ukumbi uko ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa nzima. Miaka kumi na mmoja nimeoa katika nyumba ile, na miaka kumi na mmoja mama mkwe hajaniita mkwe. Mimi ni "huyo". Huyo kala? Mwambieni huyo asogee. Kila shughuli anapelekwa na mwanawe kwenye pikapu, kiti cha mbele, kama malkia. Mimi nafika baadaye na basi, wageni wakiwa wanaosha mikono.

Safari hii nampeleka mimi! Nimetangaza leo sebuleni kwao, nimesimama. Baba mkwe, mama mkwe, shangazi yake mke wangu, mke wangu, na mimi kwenye usukani. Watano wazima. Nikawasomea ukurasa wa kwanza kwa sauti.

Shemeji kasema yeye atafuata nyuma na pikapu tupu, kwa tahadhari tu. Mama mkwe kamwuliza binti yake kama huyo amepima. Kama nimepima! Mimi, ninayekula kwa kupima!

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimepima. Balaa.

Nguo za harusi za ukoo mzima nashona mimi, kwa hiyo vipimo ninavyo daftarini. Siti ya nyuma, kutoka mlango hadi mlango: sentimita mia moja na ishirini. Mama mkwe akikaa: hamsini na mbili. Shangazi: arobaini na saba. Baba mkwe: thelathini na tatu, na hapo nimembana. Jumla mia moja thelathini na mbili. Kumi na mbili zimezidi. Na mama mkwe atavaa kofia.

Nimeingia kwenye kundi la wamiliki wa gari hili, kwenye simu, kuomba ushauri. Mmoja analalamika kuwa dirisha lake linapiga mluzi. Mwingine kamwambia hiyo si kasoro, unajulikana kuwa unakuja. Wa tatu anathibitisha zile kilomita ishirini na tano, ila awe anateremka. Nikauliza nani amewahi kupakia watano. Kundi zima kimya. Hapo ndipo nilipoipata ile maktaba.

Mke wangu kasema mama apande pikapu, dunia haitaisha. Wanawake wengine hawana maono.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimepata dawa! Fundi ni fundi.

Nimefumua siti ya nyuma. Ndani kuna nini? Sponji! Sponji ya kukalia, sponji ya mgongoni, sponji hata kwenye milango. Nafasi yote ya watu imepewa sponji. Nimeing'oa yote, hata ya siti yangu ya mbele, magunia mawili, nikashona kitambaa upya juu ya mbao. Milango peke yake imenipa sentimita kumi na nne. Na siti imeshuka, kofia itapita na salamu.

Kitambaa nilichoshonea ni satini. Magauni ya mama mkwe na shangazi nayo nitayashona kwa satini. Kwa nini? Waingie kwa kuteleza! Hakuna kusukumana, hakuna kuvutana mkono hadharani. Mtu anakaa ukingoni, anajisukuma kidogo, yuko ndani. Kampuni kubwa namna ile, wasomi wote wale, hawakuwaza jambo hili.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kampuni ina shindano: mmiliki atume picha ya familia yake ndani ya gari pamoja na maoni mafupi. Nikasema hapahapa. Nimewapanga wote uani kwao, mama mkwe na kofia yake. Wamo! Mlango umefungwa kwa kusukuma mara moja tu! Picha kapiga shemeji, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki nje. Alijiuma midomo kwa kijicho, lakini picha imetoka safi. Juu ya vichwa unaona anga la nafasi. Mbele ya magoti ungeweza kuweka meza.

Mama mkwe kauliza mbona siti ngumu. Nikamwambia ni siti ya kisasa ya kutunza mgongo. Kauliza mbona haoni nje. Nikamwambia ni faragha. Kaniangalia kwa muda. Nadhani ulikuwa mwanzo wa heshima.

Kwenye maoni nimeandika: "Sikuamini mpaka nilipopima mwenyewe." Neno la kweli kabisa.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Shemeji kaja dukani kwangu kujaribu koti lake la harusi. Nilikuwa na magunia mawili ya sponji na adui mmoja. Nimemjaza mabega yote, nikampa na ya mgongoni. Nia yangu: aonekane kama kabati lililovaa tai. Pia, kwa mabega yale, hata mmoja wetu akiugua, shemeji hawezi kuwekwa ndani ya Sabuni badala yake.

Kajitazama kwenye kioo. Kageuka kushoto, kageuka kulia. Kasema tangu azaliwe hajawahi kushonewa koti kama hili. Alitoka dukani anapita katikati ya barabara. Mwenye duka la dawa kamwuliza kama ameanza mazoezi. Sielewi watu.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Naandika nimekaa upande mmoja. Mengine yote yanauma.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Mama mkwe kaingia kwa kuteleza, kama nilivyokusudia, ila hakusimama. Kateleza mpaka akamkuta shangazi aliyeingia kwa mlango wa pili, naye akamrudisha. Baba mkwe tulimwingiza katikati kama kabari. Shemeji nyuma yetu na pikapu, anapiga honi bila sababu.

Kituo cha kwanza, tuta. Nikafunga breki. Satini juu ya satini! Wazee watatu wakaja mbele kwa pamoja, bila kelele, wakaishia sakafuni magoti yakiwa masikioni. Tukashuka, tukawapanga upya. Tuta la pili, vivyo hivyo. Barabara ile ina matuta saba. Kufikia la nne baba mkwe alisema asipandishwe tena, pale chini amepazoea.

Mbao nazo. Kila shimo tulilipata kama lilivyo. Shangazi alikuwa anahesabu mashimo kwa sauti, halafu akaacha kuhesabu akaanza kusali. Kofia ya mama mkwe ilimfunika mpaka mdomoni, na kutoka ndani ya kofia ikasikika sauti ikimwuliza binti yake kama huyo ana leseni.

Mlima! Ukurasa wa nne: "Nguvu ya kushangaza." Nilishangaa. Mwuza mikate mwenye baiskeli alitupita, akatusalimia kwa adabu, akatuuliza kama tumeegesha. Katikati ya mlima Sabuni ikakohoa mara mbili, ikatulia. Sasa ndiyo ikawa kimya kama maktaba.

Mama mkwe kashuka. Hakufungua mlango vizuri, aliteleza tu akatokea nje. Kaweka kofia sawa, kashika kiuno, katembea hadi kwenye pikapu bila kugeuka. Siti ya pikapu imechanika tangu zamani, chuma kiko nje. Basi shemeji akavua koti lake, akalikunja, akamtandikia mama yake alikalie.

Mama mkwe akakaa. Akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu iliyosikika hadi kwangu. Akasema hajawahi kukalia kitu laini kama hicho maishani mwake, na kwamba hilo ndilo gari. Wengine wakapanda nyuma ya pikapu, mimi nikabaki na Sabuni kusubiri fundi wa magari.

Sponji yangu! Kafika harusini juu ya sponji yangu, ndani ya gari la adui yangu! Nilifungua mdomo niseme. Lakini ningesemaje, bila kusema ilikotoka? Nikafunga mdomo. Roho iliniuma, siwezi kuficha. Miaka kumi na mmoja, na nilibakiza nusu ya mlima.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Mke wangu ameamka na stori ya jana ukumbini. Eti wanawake walimzunguka mama yake kulishika lile gauni, jinsi linavyomwagika, jinsi anavyoteleza kati ya meza bila kugusa mtu. Wakamwuliza nani kalishona. Akawaambia, wote wakisikia: mkwe wangu.

Nikamwuliza mke wangu kama mama yake alisema lolote kuhusu gari.

Kaniangalia sana. Kasema hapana. Basi, nikajua mama mkwe bado ana kinyongo. Nimeshinda mchana kutwa nikifikiria kosa lilikuwa wapi. Nadhani ni matuta.

Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Nimeshinda shindano! Zawadi: kishikio cha ufunguo, chenye kigari kidogo cha bati. Watu watano hawaingii, nimejaribu kwa macho tu.

Asubuhi mama mkwe kaja dukani. Mwenyewe, kwa miguu, mara ya kwanza tangu nifungue. Kasema mbele ya wateja, mkwe wangu, nataka gauni jingine kama lile, na mashoga zangu wanne nao wanataka. Kaniletea na maembe. Nimemwomba asubiri wiki mbili, maana nimeitwa yadi haraka na siwezi kuchelewa. Nikamwahidi siku moja nitampeleka matembezi na gari. Kashukuru. Kasema amegundua anapenda kutembea.

Yadi, muuzaji wa tai nyekundu kanipokea kwa mikono miwili. Kampuni imetoa toleo jipya! Fupi zaidi ya lile langu kwa kiganja kizima, lakini nafasi ya ndani imeongezeka. Sikuelewa inawezekanaje. Akasema hata yeye haelewi, ndiyo maana ya teknolojia. Watachukua Sabuni nimalizie kidogokidogo. Kaikagua, kakalia siti ya nyuma, kanyanyuka upesi, kauliza mbona ngumu hivi. Nikamwambia ni ya kutunza mgongo. Katoa kalamu, kaandika neno hilo, kasema kijitabu kijacho lazima liwemo.

Kisha kaniwekea kijitabu kipya mkononi. Nilikuja na nia ya kukataa, mke wangu ni shahidi, aliniapisha mlangoni. Lakini ukurasa wa kwanza kuna picha. Picha yetu! Uani kwa wakwe, wote watano.

Nikaitazama muda mrefu. Nikatoa futi nikapima. Nafasi juu ya kofia ya mama mkwe, nafasi mbele ya magoti ya shangazi, baba mkwe katikati amekaa kama yuko kwake. Picha haiwezi kusema uongo wa kiasi kile. Na yule dereva, mimi, na utulivu ule usoni! Yeyote atakayeiona sura ile atajua kwamba huyu si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Nimetia saini. Linakuja Jumatatu.