Maharage Kumi Ndani ya Sanduku la Chuma

Jumapili, 3 Machi. Makindye.
Darasa la kilimo, uani kwa kanisa. Tuko saba. Bi Nakhisa, afisa kilimo, kampa kila mtu maharage kumi na mkebe wa udongo. Baada ya siku kumi na mbili atapima nani kakuza zaidi. Mshindi atatukaribisha sote nyumbani kwake tarehe 24. Nyumbani! Tangu mke wangu Aciro afariki, miaka mitatu sasa, aliyeingia hapa ni fundi wa umeme tu. Naye hakukaa. Lazima nishinde.

Jumatano, 6 Machi
Nimenunua viti sita vya plastiki. Mapema? Polisi hujipanga mapema, hata akistaafu.
Jirani yangu Oryem, tuliyestaafu naye siku moja, kaweka mkebe wake juu ya ukuta, juani, mchana kweupe. Mjinga! Ana mke, ana wajukuu, wageni hawamwishii. Anataka wengine wa nini? Aliuliza mkebe wangu uko wapi. Nikamjibu kwamba hilo ni suala la usalama.
Ukweli: mwezi jana haragwe liliangukia nyuma ya kabati, likachipua, likapanda hadi rafu ya pili. Bila jua! Basi mkebe nimeufungia ndani ya sanduku la chuma nililotoka nalo depo ya polisi.

Jumatatu, 11 Machi
Sentimita kumi na tisa! Ya Oryem ni nane. Nimepima kwa macho, juu ya ukuta, akiwa msalani.
Yangu ni meupe kidogo. Yamepinda. Nimeyaongelesha dakika kumi kabla ya kufunga kifuniko. Yanasikiliza vizuri.

Ijumaa, 15 Machi
Thelathini na moja! Nimekabidhi mkebe kifua mbele. Bi Nakhisa kautazama sana, kisha kauliza kama kwangu kuna dirisha. Nikasema yapo mawili, ila pazia sijafungua tangu mazishi. Hakuandika hilo. Kang'oa mimea yote, kaosha mizizi, kaenda kuikausha katika oveni.

Jumapili, 17 Machi
Aibu. Kumbe rula haitoshi! Bi Nakhisa kaeleza kwamba mmea uliofungiwa gizani hurefuka kwa kutafuta mwanga, huku ukila akiba ya mbegu. Urefu huo karibu wote ni maji. Kukua hupimwa kwa kile kinachobaki baada ya kukausha. Yangu yamebaki mepesi kuliko mbegu nilizopewa. Kuliko mbegu! Darasa zima likacheka.
Kashinda Oryem. Akanishika bega: "Afande Okwir, wewe kuja tu. Na leta ile viti yako, kwangu watu watakaa chini." Nikasema siku hiyo nina wageni.

Jumapili, 24 Machi
Wamejaa kwa Oryem, wameketi mikekani. Kaniita mara mbili juu ya ukuta. Nikagonganisha vikombe viwili ili asikie nina watu. Iliniuma sana.
Bi Nakhisa kapitisha bahasha chini ya mlango: maharage kumi mapya, na ujumbe nifungue pazia.
Nimefikiri sana. Kosa nimeliona. Sanduku lina tundu la ufunguo, na mwanga ulikuwa unapenya. Nimeliziba kwa sabuni, nimepanda upya. Viti vitano bado vimo ndani ya nailoni. Cha sita nimekivuta karibu na sanduku.